Bi Mkubwa Arudishiwa Jiko: Kisa cha Mzee wa Pemba Mwenye Sukari na Presha

Familia imeridhia kisa hiki kisimuliwe. Majina hayamo, kijiji hakitajwi, na mambo machache ambayo hayagusi mafunzo nimeyabadilisha ili mwenyewe asijulikane. Nimemwita Bi Mkubwa kama wanawe wanavyomwita. Mimi ni mtu wa lishe. Niliitwa baada ya mambo kuharibika, nikaendelea kuwa karibu na familia hiyo kwa mwaka na zaidi kidogo.

Usuli

Bi Mkubwa ana miaka 70 na ushei, mjane, mama wa watoto watano. Maisha yake yote amekaa kaskazini ya Pemba, mahali ambapo ukitoka nyuma ya nyumba unafika pwani kabla hujachoka. Ana minazi, migomba, muhogo, mshelisheli mmoja na miembe miwili. Anapokea Pensheni Jamii, ile ambayo Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa waliotimiza miaka 70 mwezi wa Aprili 2016. Fedha nyingine humjia kutoka kwa wanawe, hasa mmoja aliyeko mjini Unguja.

Presha anaijua kwa zaidi ya miaka kumi, na sukari iligunduliwa baadaye. Alikuwa akimeza dawa ya presha na dawa mbili za sukari, metformini na glibenklamidi. Hakuwa mgonjwa wa kulala. Alikuwa akipika mwenyewe kila siku, na anayetaka kukielewa kisa hiki lazima kwanza aelewe namna alivyokuwa akipika, kwa sababu hakuwa na chakula kimoja cha mwaka mzima. Vuli ikinyesha anakula matembele na mchicha wa nyuma ya nyumba. Kaskazi ikituliza bahari anakula samaki mbichi, na maembe yakiwa mabichi huyatia mchuzini, yakiiva huyala. Masika ni mboga za majani, mashelisheli yanapokuwepo, na kukaa ndani. Kusi ni mchele mpya wa bondeni, machungwa na bahari iliyochafuka. Ndani ya misimu hiyo mikubwa kuna mwingine mdogo ambao watu wa bara hawaujui: bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Bahari ikikupwa sana, wanawake hushuka kutafuta pweza na chaza. Yakiwa maji mafu, kitoweo hutafutwa kwengine.

Kuhamishwa mjini

Mwaka mmoja kabla ya tukio, mwanawe wa Unguja alimchukua akakae naye. Sababu zilikuwa nzuri. Hospitali kubwa ziko karibu, na kule Pemba mama alikuwa analala peke yake tangu mjukuu wa mwisho aolewe. Nyumba ya mwanawe iko ghorofani. Mkaza mwana ni mfanyakazi, anatoka asubuhi na kurudi alasiri, na chakula hupikwa kwa gesi, cha siku mbili kwa mara moja, kikawekwa kwenye friji.

Baada ya ziara moja ya kliniki, mwanawe alirudi na karatasi. Nimeiona karatasi hiyo. Sehemu ilitoka kwa mhudumu wa kliniki, sehemu iliongezwa na rafiki wa kazini, sehemu ilitoka kwenye simu. Mama asile wali. Asile muhogo, ndizi, shelisheli wala viazi. Asile nazi. Asile chumvi kabisa. Asile embe, fenesi wala chungwa. Kilichobaki ni ugali wa dona, mchicha wa kuchemsha na samaki wa kuchoma asiye na kitu. Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa friji, na kila mtu ndani ya nyumba, mpaka mtoto wa darasa la pili, alipewa ruhusa ya kumkumbusha bibi yake.

Kuhusu jikoni, mkaza mwana alimwambia kwa adabu zote: "Mama, wewe umeshapika maisha yako yote, sasa pumzika." Jiko la gesi lenyewe Bi Mkubwa alikuwa analiogopa. Akapumzika.

Ndani ya miezi minane uzito wake ulishuka kutoka kilo 58 hadi 51. Hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo. Kinyume chake, mwanawe alifurahi kwamba mama "amepungua" na sukari inaonekana nzuri kwenye kipimo cha asubuhi. Akiulizwa kama ameshiba, Bi Mkubwa alijibu, "Nimeshiba, mwanangu, alhamdulillahi," na sahani ikarudi jikoni nusu. Siku ambazo mkaza mwana hakuwepo mchana, hakula chochote mpaka alasiri. Dawa lakini alizimeza kwa wakati, maana dawa zilikuwa na saa.

Tukio

Alfajiri moja alianguka akienda kutia udhu. Mjukuu alimkuta sakafuni, jasho linamtiririka, anatetemeka, anazungumza maneno yasiyoshikana. Mwanawe alikaa kichwani kwake akaanza kumsomea. Jirani wa ghorofa ya chini ana mume mwenye sukari na kipimo cha nyumbani, akapanda nacho. Kikasoma 2.6, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Kwa mtu mwenye kisukari, chini ya 3.9 tayari ni sukari iliyoshuka, na alipofikia yeye ni pa hatari. Kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, alinyweshwa maji ya sukari kidogo kidogo, kisha akapelekwa hospitali. (Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Maji yatakwenda mapafuni.)

Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekula vijiko vichache vya ugali, na kidonge cha glibenklamidi alikuwa amekimeza kama kawaida. Dawa hiyo inalisukuma kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hujala. Kwa vijana wanaokula vizuri huwa haina shida kubwa. Kwa wazee ni moja ya dawa zinazojulikana kushusha sukari kupita kiasi na kwa muda mrefu, na ndiyo maana madaktari wengi siku hizi huiepuka kwao.

Hakuvunjika. Bega la kulia liliumia, na mpaka leo halijawa sawa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa daktari. Aliiondoa glibenklamidi, akaacha metformini na dawa ya presha. Pia aliieleza familia jambo ambalo halikuwa limesemwa: kwa mzee wa hali hii, mwenye uzito unaoporomoka na aliyeanguka, hakuna haja ya kuikimbiza sukari ishuke kama ya kijana. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kikiwa chini ya asilimia 8 kinatosha. Kushuka ghafla kunaua haraka kuliko kupanda kidogo.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa familia, na ulichukua kikao kirefu. Mwana wa Unguja alitaka mama abaki, tena sasa aajiriwe msichana wa kumwangalia. Binti mkubwa, anayeishi Pemba kijiji cha jirani, alitaka mama arudi. Maneno yalianza kuwa makali, na lawama zikaanza kumwelekea mkaza mwana ambaye hakuwemo ukumbini. Mjomba mtu, mdogo wake Bi Mkubwa, alikuwa kimya muda wote. Alipozungumza aliuliza kitu kimoja: "Mwenyewe mmemuuliza?"

Akaitwa. Akasema: "Mie nataka jiko langu. Hayo mengine mtajua nyinyi."

Mimi niliunga mkono arudi, na sababu zangu hazikuwa za huruma. Hamu ya chakula kwa mzee hupungua yenyewe: ulimi unapoteza makali, meno yanang'oka, kiu haihisiwi. Kinachobaki cha kumfanya ale ni harufu anayoijua, mkono anaouamini na watu wa kula nao. Vyote vitatu alivikosa mjini, na kwa Bi Mkubwa mkono anaouamini ni wake mwenyewe. Tena kupika kwa namna ya shamba ni kazi ya mwili: kuinama, kubeba, kutwanga, kukamua. Kuliondoa jiko kulimwondolea pia mazoezi pekee aliyokuwa nayo.

Ila hakuweza kurudi kwa hali ileile ya zamani. Bega halikuni nazi, macho hayasomi, na asingelala peke yake tena. Mjukuu wa kike aliyemaliza kidato cha nne alikwenda kukaa naye. Tulimweleza mipaka mapema: yeye ni mikono, bibi ndiye mpishi. Anatwanga, anakuna, anateka maji, anainua sufuria. Hatii kitu chunguni mpaka aambiwe.

Karatasi ya friji ilichanwa. Badala yake tulikubaliana mambo yanayoweza kukaa kichwani. Mahali pa nazi, ale tui jepesi kila anapotaka na tui zito kwa kijiko. Mahali pa wanga, chochote kinachotoka shamba anaweza kula, lakini kimoja kwa mlo, na kipimo ni bakuli lake la udongo la siku zote, lisirundikwe. Mizani ya jikoni isingemsaidia mtu asiyeona namba. Chumvi itiwe mara moja na yeye mwenyewe, isiongezwe mezani. Na kitoweo chake kitengwe kwanza, kabla ya sinia kwenda kwa watoto.

Hili la mwisho lilileta ubishi kuliko yote, nami nitalirudia.

Mwaka mmoja jikoni

Alirudi Pemba vuli inakaribia. Wiki za mwanzo alikula kidogo, lakini alikula mara kwa mara. Matembele yalikuwa yamechipua, kisamvu kipo. Kisamvu kilitwangwa na mjukuu na kuchemshwa vya kutosha kabla ya kutiwa tui. Hilo Bi Mkubwa hakuhitaji kufundishwa na mtu wa lishe, maana majani ya muhogo yana sumu ambayo kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoipunguza.

Nilikuwepo siku moja kaskazi ilipoanza, maembe yakiwa bado mabichi. Mjukuu alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi, Bi Mkubwa akaikamua kwenye kifumbu. Tui la kwanza akaliweka pembeni, akalifunika kwa kawa. Changu wawili walichemshwa kwa ndimu, thomu, bizari, pilipili mbichi nzima na vipande vya embe bichi, kisha likaingia tui la pili. Mwisho akachota vijiko viwili vya lile lililofunikwa, "la kutia rangi." Chumvi aliidondosha kwa ncha za vidole, akaonja kwenye kiganja, akaangalia juu kidogo kama anayehesabu.

"Embe limeshafanya kazi," akasema, akaliacha kopo la chumvi lilipo.

Nimezungumza na wazee wengi kuhusu kupunguza chumvi, na njia ya kukataza haijanipa faida kubwa. Ukali wa embe bichi, ndimu, ukwaju au bilimbi unafanya ulimi usiitafute chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni jumla ya kila kitu kinachoingia kinywani. Jiko la Pemba lina uwezo wa kubaki chini ya hapo kwa miezi kadhaa ya mwaka. Si miezi yote, kama tutakavyoona.

Kisha maembe yakaiva. Tulikuwa tumekubaliana ale embe moja la kiasi baada ya chakula, na siku hiyo bakuli la wanga lipungue. Boribo zake ni tamu kweli, na gramu 100 za embe bivu zina kiasi cha gramu 14 za sukari. Kwa wiki mbili mambo yalikwenda. Likizo ya skuli ilipoingia, nyumba ikajaa wajukuu, na jagi la maji ya embe likawa halikauki. Hakuna aliyeyahesabu kuwa ni maembe. Sukari ya asubuhi iliyokuwa ikizunguka 7 na 8 ikafika 13. Daktari hakuongeza dawa. Alisema tusubiri watoto warudi skuli, na alikuwa sahihi.

Ramadhani mwaka ule iliangukia mwishoni mwa kaskazi. Daktari alimkataza kufunga. Imamu wa msikiti wa pale naye alimweleza kwamba mzee na mgonjwa asiyetarajiwa kupona ana ruhusa, na anatoa fidia kwa kulisha masikini kwa kila siku. Alikubali kwa maneno. Siku za mwanzo alifunga kimya kimya, mjukuu akiambiwa asiseme. Bila ya glibenklamidi hatari ilikuwa ndogo kuliko mwaka uliotangulia, lakini maji alikunywa machache mno, na alipata kizunguzungu cha kusimama. Binti mkubwa ndiye aliyegundua.

Suluhisho lilitoka kwa binti huyo, sikulifikiria mimi. Alimwambia mama yake kwamba fidia asiitoe kwa fedha, aipike. Kila alasiri Bi Mkubwa alipika futari ya mtu mmoja zaidi, muhogo au ndizi za nazi, mbaazi, tambi siku nyingine, ikapelekwa kwa mzee mwenzake asiyejiweza nyumba ya tatu. Mchana alikula chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu kula mbele ya waliofunga hakuweza. Haikumwondolea huzuni yote. Ila alikula.

Masika yalikuwa marefu na kuna machache ya kusema. Mboga zilijaa. Kuni zililowa na moshi ukawa mwingi, akakohoa, mwanawe akamnunulia jiko dogo la gesi ambalo mjukuu alilitumia kwa chai na Bi Mkubwa hakuligusa. Njia ya kutoka nyumbani kwenda jiko la nje iligeuka tope. Aliteleza mara moja, akashikwa. Kijana wa jirani akapanga mawe na kumwaga zege nyembamba, kazi ya asubuhi moja, na nadhani ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika kisa hiki.

Kusi ndiyo iliyotuumbua. Upepo ulipokaza, vyombo vidogo havikutoka, na samaki mbichi alipopatikana bei ilikuwa haishikiki. Bi Mkubwa akafanya alichofanya mama yake na bibi yake: akageukia ng'onda, samaki wa kukausha. Papa mkavu alimwoka juu ya makaa, akamchambua na kumtia kwenye tui na embe la kukausha, ukaliwa na mchele mpya. Nilionja. Ulikuwa mchuzi mtamu kupindukia. Kituo cha afya kilipompima presha mwezi huo kilisoma 176 kwa 92.

Kopo la chumvi lilikuwa halijaguswa, na familia ilisisitiza kwamba bibi hali chumvi. Chumvi yote ilikuwa ndani ya papa. Mkataba wetu ulizungumzia kilichotiwa chunguni, haukusema kitu kuhusu kilichokuja kimeshatiwa.

Tulirekebisha hivi. Ng'onda alirowekwa usiku kucha na maji yakamwagwa, kisha akachemshwa kidogo na maji hayo pia yakamwagwa. Chumvi hupungua, haiishi. Kwa hiyo akaacha kuwa kitoweo, akawa kiungo: kipande kidogo cha kutia harufu kwenye mbaazi au chooko za nazi. Protini ilitoka kwenye chooko zenyewe, kunde, mayai ya kuku wa uani, na pweza kila bamvua ilipofika, kwa kuwa pweza wa miambani hahitaji chombo kutoka baharini. Pweza alichemshwa mpaka akalainika, maana meno hayakuwepo. Presha ilirudi kwenye 150 na kidogo ndani ya wiki kadhaa. Daktari aliridhika kwa umri wake, ingawa angependa ishuke zaidi.

Karafuu zilipoiva, jioni zilikuwa za kuchambua. Wanawake walikaa mkekani, karafuu huku makonyo kule, na Bi Mkubwa, ambaye mikono yake bado ina kasi, alikaa nao mpaka usiku. Mara nyingine alisahau kula. Nililiacha. Dawa aliyokuwa nayo sasa ilimruhusu kusahau.

Matokeo

Mwaka ulipotimia uzito ulikuwa kilo 55. Wastani wa sukari wa miezi mitatu ulikuwa asilimia 7.7, baada ya kupanda hadi 8.4 msimu wa embe. Hakuanguka tena. Kipimo nilichokipenda zaidi hakihitaji mashine: mwanzoni hakuweza kuinuka kwenye kibao cha jikoni bila ya kushikwa. Sasa anainuka mwenyewe, kwa kusukuma magoti.

Kilo tatu kati ya saba zilizopotea hazijarudi, na sidhani zitarudi. Misuli ikishaondoka kwa mzee hairudi kwa urahisi uliotumika kuondoka. Meno ya bandia yaliyotengenezwa mjini hayamkai, yamo kwenye mkebe. Bega bado linauma.

Uchambuzi

Watu wengi wanaosikia kisa hiki humaliza kwa kusema chakula cha asili ndicho dawa. Kisa chenyewe hakisemi hivyo. Chakula kilichompandisha presha kilikuwa cha asili kabisa, cha msimu wake na cha mababu. Kilichompandisha sukari kilitoka kwenye mwembe wake mwenyewe. Misimu ilimsaidia kwa sababu ilimletea hamu na kubadilisha sahani, lakini kila msimu ulikuja na hatari yake, na hatari hizo zinatabirika. Kusi huja kila mwaka. Anayepanga lishe ya mzee wa pwani anaweza kukaa naye mwezi wa Aprili na kumuuliza: bahari ikichafuka, unakula nini? Sisi hatukuuliza, tukasubiri presha ituulize.

Karatasi ya friji ilishindwa kwa sababu ilijaa makatazo na haikuwa na chakula ndani yake. Kila katazo peke yake lilikuwa na mantiki. Yakijumlishwa, yalimwachia mzee mwenye dawa kali sahani asiyoitaka. Kwa mzee anayepungua uzito bila ya kukusudia, kupungua huko ni ugonjwa wa kuchunguzwa. Akipoteza sehemu moja ya ishirini ya uzito wake ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili, apelekwe hospitali, na familia isishangilie. Bi Mkubwa alipoteza zaidi ya mara mbili ya hapo.

Sasa lile la kitoweo. Katika nyumba nyingi za Pemba, bibi anapopakua huwapa wajukuu vipande, yeye akabaki na mchuzi na kichwa cha samaki. Anajua anachofanya, na hakuna atakayemwona mroho. Lakini mzee anahitaji kiasi cha gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, zaidi kuliko kijana wa uzito huo, la sivyo misuli inaliwa na mwili wenyewe. Kwa kilo zake hizo ni gramu 50 hadi 60 hivi. Kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa kina zaidi ya gramu 20, yai moja lina 6. Mchuzi mtupu hauna karibu kitu. Mwanzoni alikataa katakata kutengewa kwanza. Aliona ni aibu mbele ya watoto. Kilichofaulu ni mjukuu kumpelekea kipande chake jikoni, "bibi, onja kama kimeiva," akala pale pale kabla ya sinia kutoka. Ujanja huo wameuendeleza mpaka leo na kila mmoja anajifanya haujui.

Kuhusu nazi, wenzangu wengine wangekuwa wakali zaidi. Mafuta ya nazi yanapandisha lehemu kwenye damu, hilo halina ubishi. Nilipima kati ya hatari ya moyo ya miaka kumi ijayo na njaa ya mwezi ujao, nikachagua. Kwa mtu wa miaka 45 mwenye kitambi ningechagua vingine.

Mkaza mwana aliumizwa na kisa hiki kuliko mtu mwingine yeyote, na sehemu hiyo ilishughulikiwa vibaya. Alifuata karatasi aliyopewa, akapika kwa uaminifu baada ya siku nzima ya kazi, na mwisho maneno ya ukoo yakasema amemuua mavyaa wake kwa njaa. Hakuna aliyemwomba radhi kikaoni. Familia ilihitaji mtu wa kulaumu, na dawa haiwezi kulaumiwa barazani. Ingefaa aitwe kwenye kikao kile tangu mwanzo, kwa sababu yeye ndiye pekee aliyejua sahani zilirudi na nini.

Gharama nazo zisifichwe. Pensheni haitoshi kitoweo cha mwezi, kusi hasa. Mpango huu unasimama juu ya fedha za mwana wa Unguja, kuku wa uani na msichana mmoja asiyelipwa. Na msichana huyo amepata nafasi ya chuo. Anaondoka masika yakimalizika, na ni haki yake. Familia ina mapendekezo mawili: binti mkubwa na dada zake wapokezane wiki kwa wiki, au ahamie pale mwanamke mjane wa kijiji hicho, ambaye tayari hula mchana na Bi Mkubwa siku nyingi. Mimi naelekea kwenye la pili, kwa sababu zamu za wiki kwa wiki zitaleta wapishi wanne jikoni, na kila mmoja atakuja na lake la kumkataza. Bi Mkubwa ametoa sharti moja tu kwa yeyote atakayekuja: ajue kukuna nazi.